Mkono wa Meneja

"Wodini umekaa miezi saba tu, mwanangu. Kulikoni?" meneja alimuuliza yule muuguzi kijana huku akimpa mkono. Usaili ulikuwa umekwisha, na kazi ya ofisini ameshaipata.

Mazoea yana taabu. Vidole vyake viliteleza vyenyewe hadi kwenye kifundo cha mkono wa meneja, penye mshipa.

Mapigo yalikwenda, yakajikwaa, yakanyamaza, yakaenda tena.

Ndivyo yalivyojikwaa ya mzee wa kitanda cha nne. Asubuhi ile hakuhesabu hadi mwisho. Aliandika "kawaida", akaenda kunywa chai. Aliporudi, mzee alishafunikwa shuka hadi usoni.

Jibu alilotoka nalo nyumbani, kwamba alichoka kusimama wodini kutwa, hakulitoa.

"Mbona huniachii mkono?" meneja alicheka.

"Kaa chini, baba," muuguzi alisema. "Nahesabu."