Tumbo la Nicanor Siku ya Mtihani

Nicanor alirudi chooni tena kabla hajagusa kahawa.

"Unazaa humo?" mkewe, Visi, aliuliza mlangoni. "Maandazi yako ya churro yanapoa."

"Nivumilie, mwenzangu. Tumbo si langu leo."

Tangu kura imwangukie mwezi wa tano, Nicanor hakuwa na raha. Alikwenda kwa daktari kuomba cheti cha mgongo. Daktari akasema mgongo ule unaweza kubeba kengele ya kanisa. Akajaribu kusingizia moyo, hata muuguzi akacheka. Basi mtihani wa kutafuta walimu wa Kihispania, ule unaojaza watu mjini Valladolid kila kiangazi, akawa hana pa kuukwepea.

Mada huchaguliwa kwa vimpira vyenye namba, mtu anatumbukiza mkono mfukoni na kutoa bahati yake. Nicanor alizipitia mada zote. Moja ilimkwama kooni: kwa nini vitenzi vingine havikubali kitenzi cha pili mpaka vitiliwe kineno katikati. Ukianza, unaanza "a" kula. Ukiacha, unaacha "de" kula. Ukiota, unaota "con" kula. Lakini ukitaka, unataka tu, kama mtoto. Hayo yote aliyasema bila kukosea tangu ananyonya. Sababu yake ndiyo hakuijua. Kimpira hicho kikitoka leo, watu watagundua kwamba mwanamume mzima mwenye mvi hajui lugha ya mama yake. Aibu hiyo ilimnyima usingizi.

"Mama amekuwashia mshumaa kwa Santa Rita," Visi alisema akimnyoosha tai. "Mtakatifu wa yasiyowezekana."

"Mwambie mama asante kwa kuniamini."

Shuleni alifika mapema mno, akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Kando yake binti mmoja, Nuria, alikuwa akikariri macho yamefumbwa. Alipoyafumbua aliona jasho la jirani yake.

"Mzee, unaogopa mada gani?"

"Ya vineno," Nicanor alinong'ona. "Vile vya katikati."

"Hiyo? Mbona tamu!" Nuria alimsogelea. "Sikia. Anayeanza anakwenda mahali, ndiyo 'a' hiyo. Anayeacha anatoka mahali, ndiyo 'de'. Anayeota ana mwenzake wa ndotoni, ndiyo 'con'."

Nicanor alijiona mjinga, na alifurahi sana. "Na anayejaribu? Naye ana 'de'. Anatoka wapi huyo?"

"Huyo tunamkariri tu, mzee. Hata watahini wenyewe hawamjui."

"Unadhani?"

"Wangemjua wasingekuwa wakali vile." Akampigapiga begani. "Usikate tamaa bwana. Wa umri wako wanafaulu pia."

Nicanor alimshukuru kwa dhati, nusura machozi yamtoke. Kisha akainuka, akasema anakwenda kunawa uso.

Saa tatu jina la Nuria likaitwa, akaingia kichwa juu. Nyuma ya meza ndefu walikaa watu watano na mfuko wa vimpira mbele yao, na kwenye kiti cha katikati, uso bado umelowa maji, alikuwa mzee wa benchi.

"Chagua kimpira, binti," alisema Nicanor, mwenyekiti wa watahini aliyeangukiwa na kura, "na Mungu atusaidie sote wawili."