Jina la Gari Jipya

Karatasi ilikuwa na neno moja tu, na Doreen alishindwa kulitamka.

"Litamke taratibu, dada, kama unamwita mtu unayempenda," alisema bwana wa matangazo, aliyetoka Dar mpaka kwenye studio hii ndogo ya Tukuyu kurekodi sauti yake.

Gari la kifahari litakalotoka mwakani lilikuwa limepewa jina la mlima mdogo uliowahi kutema moto. Baba mkwe wake naye aliitwa jina hilohilo. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na Doreen hajawahi kulitaja, kwani mkamwana wa Kinyakyusa halitaji jina la baba mkwe hata akiwa peke yake shambani.

"Kwa nini msiliite Rungwe?" aliuliza Doreen.

"Mlima Rungwe kila mtu anaujua. Matajiri wanataka kitu ambacho jirani hana, hata jina."

Doreen akafumba macho, akalisema. Lilitoka laini, tamu, kana kwamba lilikuwa likingoja mdomoni siku zote.

"Hapohapo! Kesho asubuhi linaruka redio zote nchini."

Doreen akaikumbuka redio iliyo kando ya kitanda cha baba mkwe, kule Kyimo. Tangu apofuke, mzee huwatambua watu kwa sauti.