Mafuta Kwenye Kioo

Mganga mkuu wa zahanati yetu alinikabidhi simu yake huku ananyonya mguu wa kuku. Kioo kilikuwa kinateleza kwa mafuta.

"Mwanvita mwanangu, niunganishie na mimi hizo tarakimu za kuingilia zinazotolewa na simu. Mfumo wa wagonjwa umegoma kunifungulia kwa nenosiri peke yake."

Niliishika kwa ncha za vidole, kama naokota panya aliyekufa. Nikafuta kamera kwa pamba yenye spiriti ili isome kile kimraba cha madoadoa kwenye kompyuta, kisha nikafungua programu ya tarakimu kwenye simu yake.

Ndani kulikuwa na akaunti moja tayari. Ilikuwa na jina langu.

Nikatoa simu yangu mfukoni, nikaziweka sambamba. Tarakimu sita, zilezile. Zikabadilika kwa pamoja.

Siku naunganisha yangu, alisimama nyuma yangu ameinua simu, kamera imeelekea kimraba changu, eti anajifunza. Nenosiri alinitungia yeye. Halafu majibu ya vipimo vya mama mmoja wa Mlali yakazagaa hadi stendi ya Msamvu, na mfumo ukaonyesha faili lake lilifunguliwa kwa akaunti yangu. Mganga alinigombeza mbele ya wenzangu. Yule mama alinitemea mate.

"Imekubali?" aliuliza, akilamba kidole gumba.

Nikachungulia dirishani. Nje kwenye benchi, yule mama alikuwa anasubiri faili lake ili ahamie zahanati nyingine.

"Imekubali," nikasema, nikatoka na simu zote mbili.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Hii ni simu yangu, hii ya mganga. Naomba uzitazame hizi namba."