Kibao cha Arobaini

Ghorofa za chini ya ardhi hazikupewa umeme. Sheria ilisema umeme ni wa wakaao juu. Taa pekee huko chini ilikuwa kibao cha KUTOKA juu ya mlango wa ngazi. Hakikuhitaji waya wala betri: gesi iliyofungwa ndani ya mirija yake ya kioo ilitoa yenyewe mwanga wa kijani, miaka nenda miaka rudi.

Basi wakaao chini wakajitungia desturi. Mwanamke akijifungua, kibao hushushwa na kutundikwa chumbani mwake hadi arobaini, ili mtoto auone uso wa mamake.

“Na moto ukizuka, mama?” Mwanakombo alimwuliza mavyaa yake, Bi Kidawa, aliyekuwa akikitundika.

“Usinitabirie mabaya. Nyonyesha mtoto.”

Arobaini haijafika, moshi ukajaa ukumbini. Mwanakombo akasikia vishindo, na sauti ya Bi Kidawa ikiita kwa mazoea: “Fuateni kijani! Penye kijani ndipo penye ngazi!”

“Mama, huku si njia!”

Wakamiminika chumbani wakikohoa, wakambana ukutani na mwanawe. Wa mwisho akaufunga mlango kuzuia moshi.

“Alhamdulillahi,” akasema, “tumefika.”