Kurasa za Nyuma

"Nitajie namba ngumu kuigawa," nilimwambia mpwa wangu Rahila. Akachungulia kitabu chake cha skuli, akasema 8051.

Sikuigawa kwa kubahatisha. Tisini mara tisini ni 8100. Imezidi arubaini na tisa, yaani saba mara saba. Tisini ukijumlisha saba ni 97, ukitoa saba ni 83. Namba tasa zote mbili, na zikizidishwa ndiyo hiyo 8051.

Miaka mitatu niliisaka njia hiyo peke yangu, kwa mkaa, juu ya mawe ya Micheweni.

"Mjomba, mbona imo humu?" Akanifunulia kurasa za nyuma.

Kitabu kilekile nilichosomea mimi. Changu kurasa hizo hakikuwa nazo. Mama alizichana kufungia njugu, alizouza ili nisome.