Picha Baada ya Habari

Wakoli alikuwa ameshashika kufuli, na Beldina bado anabonyeza kompyuta.

"Duka linafungwa, Beldina. Hiyo mashine itarekodi yenyewe."

"Kidogo tu, Bwana Wakoli."

Akalinganisha saa ya kompyuta na ya mkononi. Zikipishana, kadi ya TV iliyomo kompyutani ingeanza kurekodi mtangazaji ameshaaga, na siku nyingine ingepotea bure.

Kadi hiyo Wakoli aliinunua Nairobi kwa ajili ya kurekodi mpira, akaiweka kwenye kompyuta yenye diski ambayo leo ungeicheka kwa udogo wake. Kitu hakiingii humo bila kubanwa, yaani kupunguzwa ukubwa. Beldina, aliyewachapia watu barua hapo dukani, aliomba nafasi ndogo tu ya matangazo ya watu waliopotea, yale yanayofuata habari za jioni. Chumba chake cha Nyamasaria hakikuwa na stima, sembuse televisheni. Alirekodi jioni, akatazama asubuhi. Alibana mpaka basi, hata sauti akaiondoa.

Alikuwa akingoja uso mmoja. Wakoli alishawaambia wateja kuwa ni kaka yake, tena amezama upande wa Asembo Bay, maana Wakoli haachi jambo likae bila maelezo. Siku moja ndipo alipokumbuka kuuliza.

"Ni ndugu yako?"

"Ni mtu wa nyumbani, Kombewa. Aliondoka baada ya kugombana na baba."

"Na wasipomtangaza?"

"Basi hawamtafuti."

Mwezi ukiisha bila uso ule, alisema, angepanda basi la Mombasa na asirudi tena. Wakoli akaona huo ni uchungu wa mtu aliyechoka kutafuta. Akamsogezea chai yake.

Alhamisi asubuhi picha ikatokea. Beldina akainamia skrini, lakini kile alichokibana kilikuwa kimebanwa mno: miraba ya rangi tu, na chini yake jina lisilosomeka. Huenda ndiye. Huenda ni mtu mwingine kabisa. Alirudisha nyuma, akasogea, akajitenga, akafinya macho, na miraba ikabaki miraba.

Tangazo lingerudiwa jioni hiyo, kama kawaida. Ili kupata picha safi na sauti, alihitaji nafasi, na nafasi yote ilikuwa imeliwa na fainali moja ya mpira ambayo Wakoli alimwekea shemeji yake anayekuja kutoka Bungoma. Siku nzima Beldina hakutulia. Aliketi, akasimama, akaenda mlangoni, akakosea barua ya mteja hadi ikabidi aichape upya. Jioni, Wakoli akitafuta kufuli, Beldina aliifuta ile fainali. Kisha akapanga kurekodi bila kubana, akatoka haraka kabla hajabadili nia.

Asubuhi Wakoli alifika na shemeji yake, akawasha kompyuta.

"Mpira wangu uko wapi?"

"Nimefuta, mzee. Nisamehe."

Wakoli alivimba. Alimkumbusha kwamba alimpokea alipokuja mjini bila mtu, kwamba hakumuuliza maswali mengi, kwamba haya ndiyo malipo yake. Beldina hakujitetea. Aliogopa kazi isimponyoke, lakini aliogopa zaidi kilichokuwa ndani ya ile mashine. Akafungua rekodi. Wakoli naye, pamoja na hasira zake, akainama atazame, kwa kuwa alikuwa ameusimulia mji mzima habari za huyo kaka na hajapata kumwona.

Habari zikaisha. Picha ikajaa kwenye skrini, safi kabisa.

Wakoli akaikazia macho. Akageuka taratibu, akamwangalia karani wake usoni.

"Beldina Akeyo, wa Kombewa," mtangazaji akasoma. "Baba yake anamwomba arudi nyumbani."