Chanuo la Bi Nunu

Uvumi ulimganda Mwanakheri: mapunye yameanzia mji wa machimboni, yamevuka mto, sasa yanakuja huku. Alasiri akamkuta Bi Nunu, msusi anayezunguka na magulio ya miji yote ya njia hiyo, anamchana Semeni, binti wa Mwanakheri, kwa chanuo lililojaa nywele za watu.

"Hulioshi hilo?"

"Nikiliosha safarini ni mkosi, nafukuza wateja, shoga. Kila msusi anajua."

"Kumbe mapunye yanasafiri nawe!" Mwanakheri alilipokonya, akalivunja kwa goti. Wasichana waliongoja zamu wakakodoa macho.

"Na nyie mkome! Msichangie chanuo. Msiazimane vilemba. Msilalie mto mmoja na mwenye mapunye. Na wewe, Semeni, shusha huo mkono. Usijikune, mwanangu. Usijikune."